Kigoda cha Sista: nilivyompata mshauri wa afya wa kituo changu cha watoto

Ilikuwa saa nne kasorobo asubuhi, Aprili 2022, baada ya usiku mzima wa mvua za masika. Mtoto wa miaka miwili na nusu alianguka kwenye mkeka wa kituo changu huku Mbagala, Dar es Salaam, akakakamaa. Macho yakageuka, povu likatoka mdomoni, mikono na miguu ikawa inajitupatupa. Tulikuwa watu wazima wanne mle ndani na kila mmoja alifanya lake. Mlezi mmoja alikimbilia jikoni, akaleta kijiko na kukilazimisha katikati ya meno ya mtoto. Mwingine alimmwagia maji ya ndoo. Mpishi alikata kitunguu akamnusisha. Mimi mwenye kituo nilisimama na simu mkononi nikimtafuta mama yake, ambaye simu ilikuwa imezimwa. Namba ya baba sikuwa nayo.

Jirani aliyesikia kelele aliingia, akasema kwa uhakika kabisa kwamba hilo ni degedege na mtoto asipelekwe hospitali, maana akichomwa sindano anakufa. Akataka afukizwe kwanza. Tukabishana naye, tukabishana sisi kwa sisi, na mpaka nilipopanda bajaji na mtoto mapajani, dakika arobaini zilikuwa zimepita. Kwenye kituo cha afya walimpima, wakakuta malaria. Alilazwa siku tatu, akapona.

Lakini mdomo wake ulichanika na jino moja la mbele lililegea kwa kile kijiko chetu. Mama yake aliponiuliza jino limefanyaje, nilimweleza ukweli wote, pamoja na jambo ambalo yeye mwenyewe hakulitilia maanani: asubuhi ile aliniambia mtoto alichemka usiku na amempa panado, nami nikampokea bila kuuliza swali hata moja. Hakunilaumu. Nilirudi nyumbani nikalia, na kwa wiki nzima nilifikiria kufunga.

Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wenye vituo, hasa vidogo kama changu, kilichoanza sebuleni na barazani kwangu Januari 2021. Sitaki yeyote asubiri hadi siku kama ile.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani nimeshamaliza suala la afya. Kituo kilikuwa kimesajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Afisa Ustawi wa Jamii alikuja, Afisa Afya akaja, wakatazama vyoo, maji, madirisha, jiko na uzio. Mpishi na walezi walikuwa wamepima afya. Nilikitundika cheti ukutani, moyo ukatulia. Kazi ile ya ukaguzi ni muhimu sana na sina neno baya juu yake. Ila mkaguzi anakuja kuona kama mahali panafaa, kisha anaondoka. Hayupo kuona mlezi anafanya nini saa nne kasorobo. Siku ya degedege vyoo vyangu vilikuwa safi na madirisha yalikuwa na upana unaotakiwa.

Kosa la pili nililifanya nikiwa na nia njema. Baada ya tukio lile nilimtafuta kijana mmoja, tabibu, nikamlipa Sh 100,000 kwa mwezi aje Jumanne na Ijumaa. Nilichotaka ni mtu wa kuniondolea hofu, na kwa akili yangu ya wakati ule mtu huyo alikuwa yule mwenye kipimo shingoni. Alikuja, akawa anawapima watoto na kuandika dawa. Ndani ya mwezi mmoja wazazi walishajua. Siku za Jumanne wakaanza kuniletea watoto walioumwa tangu Jumapili: "Dokta si yupo leo?" Kituo kikageuka chumba cha kusubiria matibabu. Waliokuwa wazima wakaanza kuugua, na dawa za maji zikajaa kwenye kabati la vikombe. Yeye hakukosea, alifanya kazi aliyosomea. Mimi ndiye sikujua ninachokitafuta. Baada ya miezi mitatu tuliagana kwa amani.

Sista nilielekezwa na mama mmoja wa kikoba chetu. Ni muuguzi mstaafu aliyefanya kazi miaka mingi wodi ya watoto, kisha kliniki ya mama na mtoto. Nilikwenda kwake na soda na biskuti, nikamwamkia, nikamweleza yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Mwanangu, mimi nikija kwako sitatibu mtu. Mtoto akiumwa aende hospitali. Mimi nitakuja kuwatazama nyinyi." Nikamuuliza leseni yake ya Baraza la Uuguzi na Ukunga kama bado iko hai. Alifurahi kwamba nimeuliza, akaniletea. Ukitafuta mtu wa kazi hii usione haya kuuliza leseni, hata kama ni mtu mzima wa kuheshimiwa.

Siku ya kwanza, Septemba 2022, alifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla ya mtoto yeyote. Akaomba kigoda cha jikoni, akakiweka pembeni ya mlango. Alikaa pale kimya akiwatazama wazazi wanavyowakabidhi watoto. Baadaye akakihamishia jikoni, kisha karibu na bafu. Mpaka saa saba mchana hakumkosoa mtu. Walezi walikuwa na wasiwasi, mmoja aliniuliza jikoni kwa kunong'ona kama nataka kuwafukuza.

Watoto walipolala aliniita. Alichokiona kilinitia baridi, kwa sababu vyote nilikuwa navipita kila siku. Kitambaa kimoja cha kufutia kamasi kwa watoto wote, tena kwa mkono wa mlezi mpole kuliko wote, anayewafuta mmoja baada ya mwingine kwa upendo. Beseni moja la kunawia, watoto kumi na wanane kwenye maji yaleyale. Mlezi aliyetoka kubadilisha nepi ndiye aliyegawa uji, naye aliuonja kwa kijiko cha mtoto kupima moto. Pochi ya mlezi mwingine ilining'inia kwenye kitasa, ndani mna vidonge vyake vya presha, kimo cha mkono wa mtoto. Na bafuni ndoo kubwa ya maji bila mfuniko.

Ndoo tuliifunika palepale, na pochi zikapandishwa juu siku hiyohiyo. Sikujua kwamba mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye ndoo, akitumbukia kichwa hawezi kujinyanyua. Yale mengine alikataa tuyaseme yote. Alisema ukiwaambia walezi mambo kumi leo, Jumatatu watakumbuka moja, na huenda lisiwe lile la maana. Akapanga kila ziara jambo moja, na ziara inayofuata anaanza kwa kuangalia lile la nyuma. Tulianza na mikono. Tulitengeneza vibuyu chirizi vitatu kwa madumu ya lita tano, kamba na kijiti cha kukanyaga, gharama yake haikufika hata bei ya beseni jipya. Sabuni ikafungwa kwenye soksi ikaning'inizwa pembeni. Baada ya wiki mbili anayebadilisha nepi alikuwa hagusi chakula zamu nzima, na hakuna aliyeona amedhalilishwa, kwa sababu Sista aliwaeleza sababu na kuwaacha wapange zamu wenyewe.

Hapo ndipo nilianza kuelewa kazi yake. Nilimuuliza mpaka wake ni upi. Ukutani kwangu palikuwa na karatasi niliyotoka nayo semina ya PJT-MMMAM, ile Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto ya 2021/22 hadi 2025/26, yenye mambo yake matano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama. Akaniambia la kwanza, la pili na la tano atanisaidia, mawili ya katikati ni kazi yetu kila saa na yeye atatazama tu kama hofu ya vijidudu haijatufanya tuache kuwabeba watoto. Nimeshaona vituo vilivyofika huko, usafi umekuwa ukali. Kwetu jambo hilo alilikataza mapema.

Ziara ya tatu ilikuwa ya kadi za kliniki. Nilikuwa nazo nakala kwenye faili na sikuwahi kuzisoma, niliziomba tu kwa kuwa fomu inazitaka. Kati ya watoto 34, tisa hawakuwa na dozi ya pili ya surua-rubela, ile ya miezi 18. Mama zao wengi waliamini kliniki huisha miezi tisa. Nikasema wasirudi mpaka wachanjwe. Sista alinipinga kwa sauti ya juu, mara ya pekee nimemsikia hivyo. Alisema mtoto aliyekosa chanjo ndiye hasa anayetakiwa kuwa mahali ambapo kuna mtu anamwona. Akakaa na kila mama dakika tano jioni wakati wa kuchukua watoto, bila kumfokea yeyote, akawakumbusha kwamba chanjo kwenye vituo vya serikali ni bure. Ilichukua wiki tano wote tisa kumaliza. Siku hizi kila mtoto ana ukurasa wake kwenye daftari: tarehe ya chanjo inayofuata, vitamini A na dawa za minyoo kila miezi sita, na kipimo cha mzunguko wa mkono. Kwa ule utepe wa rangi tatu tulikuta wawili wako kwenye njano, chini ya sentimita 12.5, yaani dalili ya utapiamlo. Sikuwa nimewatilia shaka hata kidogo, walikuwa wanacheza kama wenzao.

Uji nao ukabadilika. Nilikuwa nanunua unga wa lishe wa mchanganyiko wa kila kitu, nikijivunia. Sista alishauri uji wa nafaka moja, kisha tuongeze maziwa au karanga zilizosagwa laini kabisa, na mchana dagaa au yai kwenye chakula. Karanga nzima, punje za mahindi ya kuchemsha na ubuyu wenye mbegu vikaondoka kituoni kabisa kwa sababu ya kupaliwa. Wazazi wanaotia ubuyu kwenye begi la mtoto bado nasumbuana nao.

Jambo lililonigharimu usingizi zaidi lilikuwa swali la nani abaki nyumbani. Kabla ya Sista nilikuwa nakosea pande zote mbili: mwenye kamasi namrudisha, mwenye homa iliyofunikwa na panado nampokea. Tuliandika karatasi moja ya Kiswahili chepesi na kuibandika mlangoni. Anayerudi nyumbani ni mwenye homa ya nyuzi 38 au zaidi, anayetapika mara kwa mara, anayeharisha kiasi kwamba nepi haizuii, mwenye vipele pamoja na homa, anayepumua kwa shida, na yule ambaye hachezi wala hali hata kama hatujui ana nini. Mwenye mafua bila homa anabaki. Mwenye mapunye anabaki akishaanza dawa. Wazazi walishangaa kuona karatasi imepunguza kuwarudisha watoto.

Hata hivyo haikumaliza tatizo. Kuna mama anauza mitumba Karume. Mara tatu alimleta mtoto akiwa amempa dawa ya homa alfajiri, na kila mara saa tano homa inarudi. Nilikasirika, nikaandaa maneno makali. Sista akaniuliza, "Akikaa nyumbani siku moja, nani anamlipa?" Sikuwa na jibu. Kesho yake tulimwita, tukakaa naye, tukakubaliana: aseme ukweli mlangoni, sisi tumpime joto mbele yake, na awe na mtu wa pili wa kumchukua mtoto. Akamtaja shangazi yake anayeishi Zakhem. Tangu hapo kila mzazi anaandika namba tatu, na tunazipigia papo hapo kabla hajaondoka kuona kama zinapokelewa. Tulitenga pia kona yenye godoro dogo na mlezi mmoja wa kukaa na anayesubiri kuchukuliwa. Wazazi walipoona hawagombezwi wakaanza kusema. Habari ninazozipata sasa saa moja asubuhi zina thamani kuliko kifaa chochote nilichonunua.

Kuhusu dawa, kanuni yetu ni fupi: haiingii kituoni dawa isiyo kwenye chupa yake, yenye jina la mtoto, kipimo na saa. Nilishapokea dawa ya maji kwenye chupa ya soda, siwezi kusema zaidi ya hapo. Anayetoa anaandika na kusaini, wa pili anashuhudia. ORS, ile dawa ya kurudisha maji mwilini kwa anayeharisha, tunazo, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, yakipita saa 24 yanamwagwa. Mtoto wetu mmoja ana sikoseli, naye Sista aliketi na mama yake wakaandika ukurasa wake mwenyewe: anywe maji mara kwa mara, asiloe wala kupigwa baridi, na akipata homa tu hatusubiri karatasi ya mlangoni, ni hospitali moja kwa moja.

Kisha degedege lenyewe. Sista alitufundisha kwa mwanasesere, jioni nne mfululizo, na aliomba yule jirani yangu naye aje. Alikuja. Sista hakumcheka. Alisema imani ya sindano ina chanzo chake: zamani na hata leo mtoto hufukizwa kwanza, akapakwa hiki na kile, anafikishwa hospitali amechoka kabisa, anachomwa sindano, anafariki, na sindano ndiyo inayobaki kwenye kumbukumbu ya ukoo. Jirani alinyamaza muda mrefu. Akasema mdogo wake alikufa hivyo. Nilielewa kwamba Aprili ile hakuwa amekuja kutuzuia, alikuja kumwokoa mtoto kwa alichokijua.

Tunachofanya ni hiki. Mtoto alazwe chini kwa ubavu, vitu vigumu viondolewe, nguo za shingoni zilegezwe. Usiweke kitu chochote mdomoni, si kijiko, si kidole, si dawa. Usimshikilie kwa nguvu, usimmwagie maji. Tazama saa. Mmoja apige simu na kutafuta usafiri wakati huohuo. Zikifika dakika tano bado anatetemeka ni hatari kubwa, lakini hata likikoma mapema, mtoto mwenye homa aliyepata degedege anakwenda kupimwa leo, asisubiri kesho. Novemba 2023 lilimpata mtoto mwingine. Sista hakuwepo na mimi nilikuwa benki. Walezi wawili walifanya kama tulivyojifunza, likakoma ndani ya dakika mbili, na nilipopigiwa simu tayari walikuwa kwenye foleni ya kipimo, kadi ya kliniki mkononi. Niliegemea ukuta wa benki nikashindwa kusema.

Miezi miwili baadaye, Januari 2024, macho mekundu yalipoenea Dar es Salaam, tulikuwa na watoto sita kwa wiki moja. Hapo nilimpigia Sista kila siku. Alitupa mambo machache: kunawa mikono, kutochangia taulo wala mito, na kuwaambia wazazi wasiweke maziwa ya mama, mkojo wala chai machoni mwa mtoto. Wazazi walimpigia yeye moja kwa moja na hakukata simu hata usiku. Hilo sikumlipia, na nilipotaka kulipa alikataa.

Nizungumzie fedha waziwazi. Ziara moja ni Sh 40,000, nauli kando. Miezi miwili ya kwanza alikuja kila wiki, baadaye mara mbili kwa mwezi, kwa hiyo mwaka wa kwanza ulinigharimu Sh 1,120,000 bila nauli. Kipimajoto, sanduku la huduma ya kwanza, godoro, madumu na sabuni vikaongeza kama Sh 260,000. Ili kumudu nilipandisha ada ya Sh 60,000 kwa Sh 5,000, ghafla, kwa ujumbe wa simu. Watoto watatu waliondoka mwezi uleule. Waliobaki 31 waliniongezea Sh 155,000, walioondoka wakaacha pengo la Sh 180,000. Nilikuwa naingiza pungufu kuliko kabla ya kupandisha, na hali hiyo ilidumu miezi minne. Wito wangu kwako ni kuitisha kikao kwanza, mshauri mwenyewe awepo, wazazi wamwone na wamuulize, ndipo utaje shilingi. Kama huwezi peke yako, vituo viwili au vitatu vya mtaa mmoja vinaweza kuchangia mtu mmoja. Sisi tulianza hivyo na jirani zetu mwaka jana.

Kuna gharama nyingine ambayo sikuitarajia. Mpishi wangu alikuwa anakohoa zaidi ya wiki mbili akificha, kwa kuwa siku asiyofanya kazi nilikuwa simlipi. Sista ndiye aliyemsikia kutoka kwenye kigoda. Alipimwa kifua kikuu, hakuwa nacho, nikamshukuru Mungu, lakini aibu ilibaki kwangu. Nilikuwa nataka wazazi waniambie ukweli wakati nimeufanya ukweli uwe ghali kwa watu wangu mwenyewe. Sasa wana siku sita za ugonjwa kwa mwaka zenye malipo. Ningependa ziwe zaidi.

Magoti ya Sista yamechoka na ameniambia Desemba hii anapumzika. Nina majina mawili ya wauguzi, mmoja mstaafu, mwingine kijana aliye kazini anayetaka kuja siku zake za mapumziko. Wote wana leseni, nimeshaziona. Wiki ijayo nimewaomba kila mmoja aje asubuhi moja, kwa malipo, afike saa kumi na mbili na nusu kabla ya watoto. Kigoda nimekipigilia misumari, mguu mmoja ulikuwa umelegea.